Sukari Aliyoikubali Mama

Jirani yangu hapa Tabora ana binti wa darasa la sita anayependa kuja kwangu jioni na maswali ya Kiingereza, kwa sababu mama yake humwambia kwamba mimi nimesoma. Juzi alikuja na zoezi la vinyume. Maneno yote alikuwa ameyapata isipokuwa moja.

"Anti," akaniambia, "kinyume cha prove nimeandika deny, mwalimu kaniwekea kosa. Kwa nini?"

Nilimweleza, akaelewa upesi, akarudi kwao. Mimi nikabaki nimekaa. Maelezo niliyompa hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mwalimu wangu wa darasa la sita kule Kasulu, neno kwa neno, na nilipoyatamka niliisikia tena harufu ya kuni mbichi na mvua juu ya udongo mwekundu, na nikageuka kutazama mlango kama mtu anayejua kwamba anaangaliwa.

Mwaka ule kwetu watu wote walikuwa wanaangaliana. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imefungwa. Warundi waliokuwa wakiishi pale tangu mimi sijazaliwa walipakiwa kwenye magari na kurudishwa kwao, na soko la kambini ambako mama alizoea kupeleka ndizi na asali likafa. Kisha ikaanza minong'ono kwamba si wote waliopanda. Wengine, ilisemekana, walishuka njiani, wengine waliingia porini kabla magari hayajaja. Kiha chetu na Kirundi chao vimekaribiana kiasi kwamba mtu akikusalimia njiani huwezi kujua mara moja ametoka upande upi wa mpaka, kwa hiyo watu wakaanza kusikiliza zaidi kuliko kuzungumza. Mjumbe wetu, Mzee Filipo, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani analala wapi. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti la mvua lililomfika magotini, lakini kila alipokuja kwetu nilimwona akitazama viatu vilivyokuwa mlangoni kabla hajatutazama sisi.

Nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi. Baba alikuwa ameenda Mpanda kulima tumbaku, akirudi mara moja moja. Mama aliuza asali. Kaka yake, mjomba Damasi, alikuwa na mizinga yake msituni. Kila aliporina asali alituletea kwenye madumu, mama akaichuja na kuijaza kwenye chupa za maji. Wateja wake wakubwa walikuwa watumishi wa serikali waliopangiwa kazi kwetu kutoka mbali, manesi na walimu, kwa maana wao walipokwenda likizo walitaka kubeba kitu cha kwetu.

Mmoja wao alikuwa Madam Mwanaidi, mwalimu wangu wa Kiingereza. Alitoka Tanga. Alikuwa mwembamba, mwenye ushungi uliokaa vizuri hata siku za upepo, na Kiswahili chake kilitutia haya sisi ambao nyumbani tulizungumza Kiha. Ukimjibu vibaya hakuchapa. Alikutazama tu na kusubiri, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko fimbo. Kiangazi alikuwa amenunua kwa mama asali nyingi, akaituma kwa basi hadi Tanga, kwa mama mkwe wake.

Mvua zilipoanza, na ile baridi ya kwetu ikashuka, akaja nyumbani na chupa moja aliyokuwa amebaki nayo. Ilikuwa imeganda nusu nzima, nyeupe nyeupe, yenye chembe. Aliipindua mbele ya mama, haikumwagika.

"Mama Skola," akasema, "nimepigiwa simu na wakwe zangu. Wananiuliza kama huku Kigoma nyuki wanalishwa miwa. Hii ni nini?"

"Ni asali, mwalimu."

"Asali gani inakuwa sukari?"

"Huganda kukiwa na baridi. Ukiiweka juani itarudi."

"Niliiweka. Ikarudi, halafu ikaganda tena. Sukari nayo ukiipasha moto si inayeyuka?"

Mama alikuwa akifua. Aliinua mikono yake yenye povu, akaitazama chupa, akamtazama mwalimu. "Mimi sijaweka kitu, mwalimu," akasema, akarudi kwenye nguo zake.

Nilitamani aseme zaidi. Nilitamani amwite mjomba, aape, alie, afanye kitu. Madam alisubiri kama alivyotusubiri sisi darasani, na mama hakuongeza neno. Mwishowe Madam akaondoka na chupa yake.

Wiki ileile, au iliyofuata, tulifika kwenye somo la vinyume. Madam aliandika prove ubaoni, akauliza nani anajua maana yake. Alipokosa jibu akasema ni kuthibitisha, kuonyesha kwamba jambo ni kweli. Kinyume chake? Mkono mmoja ukanyooshwa nyuma: deny. Madam akatikisa kichwa.

"Deny ni kusema siyo. Kusema hakuna kazi, kila mtu anaweza. Disprove ni kuonyesha kwamba siyo." Akaandika na neno la tatu, refute, akasema hilo ni la mahakamani, la kulivunja neno la mtu kwa hoja. Kisha akaandika sentensi ya mfano, polepole, kwa mwandiko wake mzuri: The seller denied it, but she could not disprove it.

Alipotutafsiria, kwamba muuzaji alikataa lakini hakuweza kuonyesha kuwa siyo, darasa zima liligeuka kunitazama. Sijui kama Madam alikusudia. Alikuwa anafuta vumbi la chaki vidoleni, ameangalia dirishani. Lakini habari ya chupa ilikuwa imeshazunguka, na mimi nilikaa pale masikio yakiniwaka, nikiyarudia yale maneno moyoni mpaka yakawa kama jino linalouma.

Kwa lugha yetu ya watoto tulikuwa na neno moja tu, kukataa. Umeiba? Nakataa. Sasa nilikuwa nimeonyeshwa kwamba kuna kukataa kwa namna mbili, na kwa akili yangu ya wakati ule nikajitungia sheria. Mtu asiye na kosa huonyesha. Mwenye kosa husema tu. Na mama alikuwa amesema tu.

Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza mama yangu mwenyewe.

Nilianza na kopo la sukari. Kwetu sukari ilikuwa kitu cha heshima. Siku nyingi uji tuliunywa mtupu, na chai ilipata sukari akija mgeni. Kopo lilikuwa tupu. Lakini Baba Shukuru, mwenye duka pale njia panda, aliponipimia chumvi alicheka akasema, "Mama yako siku hizi anapenda chai. Ananunua sukari kuliko mwenye hoteli."

Nilirudi nyumbani nimebeba chumvi na lile neno. Siku zilizofuata nilimwona kwa macho yangu. Alirudi sokoni na mfuko wa sukari ndani ya kikapu, akaufunika kwa kisamvu, na asubuhi yake mfuko haukuwepo kikapuni, wala koponi, wala popote nilipopekua. Nilinusa sufuria. Nilichovya kidole kwenye dumu la asali iliyobaki nikailamba, nikajiambia ina ladha ya sukari, kisha nikajiambia haina. Usiku nililala nimempa mgongo. Aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Aliponigusa shingo kupima homa nilijikaza, na nadhani alihisi, maana aliuondoa mkono wake taratibu.

Jumamosi moja alasiri alijitwika kikapu akasema anakwenda shambani bondeni kuchimba mihogo, mimi nibaki nichambue maharage. Mihogo tulikuwa nayo. Ilikuwa imeanikwa juu ya bati, mbele ya macho yetu sote wawili. Nilisubiri apotee kwenye kona ya mikaratusi, nikamfuata.

Shamba letu la bondeni lilikuwa na migomba mingi na kibanda cha nyasi tulichokitumia msimu wa kufukuza nyani. Kutoka mbali niliona moshi ukichuja kwenye paa lake. Nikafurahi kwa namna mbaya, kama mtu aliyeshinda mchezo. Hapa ndipo anapoichemshia sukari, nikawaza. Nilitembea nikijificha nyuma ya migomba, majani yaliyolowa yakinipiga usoni, mpaka nikafika karibu kabisa. Ndipo nikasikia mtoto mchanga analia, na sauti ya mwanamke ikimbembeleza, "Ihorere, mwana wanje, ihorere."

Haikuwa sauti ya mama.

Nilichungulia. Ndani alikuwepo mwanamke niliyemfahamu. Aliitwa Jeneroza. Kule sokoni Mtabila meza yake ilikuwa karibu na ya mama, akiuza mafuta ya mawese, na mara nyingi alinimegea andazi. Sasa alikuwa amekaa juu ya nyasi, amejifunga kitenge cha mama, miguu imevimba, kikombe cha uji mkononi. Mama alikuwa amepiga magoti akiwasha moto uliokuwa ukizimika. Mfuko wa sukari ulikuwa wazi kando ya jiwe.

Jeneroza ndiye aliyeniona kwanza. Akaweka kikombe chini, akamvutia mtoto kifuani. Mama akageuka. Nilidhani atanipiga. Alisogea kunipa nafasi, akasema, "Ingia. Unaachia baridi iingie."

Nikaingia. Walinionyesha mtoto. Alikuwa mdogo mno, amekunjamana, kitovu chake bado hakijadondoka. Mama alinieleza kwa sauti ya chini, kwa Kiha, kama mtu anayemweleza mtu mzima. Mume wa Jeneroza alipakiwa na kundi la kwanza, na tangu hapo hapakuwa na habari zake. Yeye alikuwa mzito sana, siku zimefika, akaogopa kuzalia juu ya gari. Akakimbia. Alitembea mpaka kwetu kwa sababu hakuna nyumba nyingine aliyoijua. Alijifungua palepale kibandani, mama akiwa mkunga. Damu ilimwisha, na chakula hakikukaa tumboni isipokuwa uji wa sukari.

"Akipata nguvu ataondoka," mama akasema. "Ana jamaa zake upande wa Kakonko, wale wana uraia. Watampokea. Lakini sasa hivi hawezi kutembea hata mpaka barabarani."

"Na Mzee Filipo akijua?"

"Atampeleka wanakopelekwa. Na mimi nami nitapelekwa mahali." Akanishika kidevu. "Umeona nini hapa, Skola?"

"Mtoto."

"Hujaona mtoto. Umeona mihogo."

Jeneroza alinyoosha mkono akanigusa shavu. "Urakoze," akasema, asante, na mimi sikujua ananishukuru kwa lipi, kwa kuwa nilikuwa bado sijafanya lolote.

Njiani kurudi nilitembea nyuma ya mama na moyo mwepesi usioelezeka. Mama yangu hakuwa mwizi. Sukari nilikuwa nimeiona ilipo. Ile disprove ya Madam nilikuwa nayo mkononi, nzima, na sikuweza kuitumia. Kwa mara ya kwanza sheria yangu ilinishinda. Hapa palikuwa na mtu asiye na kosa, mwenye uwezo wa kuonyesha, ambaye hakuthubutu kuonyesha. Nilijaribu kulifikiria jambo hilo mpaka nikachoka, nikaamua tu kwamba tutanyamaza mpaka Jeneroza aondoke, kisha tutaonyesha.

Hawakutupa nafasi hiyo. Madam alikuwa amepeleka malalamiko kwa mjumbe, na mjumbe kwa taratibu zake akaulizauliza, na kuuliza kwake kukamfikisha dukani. Jumapili baada ya ibada walikuja wote watatu, Mzee Filipo, Madam na Baba Shukuru, wakakaa kwenye viti vyetu nje ya nyumba. Mama alitandika mkeka akakaa chini, mimi nikasimama mlangoni.

Mzee Filipo alimwomba Baba Shukuru aseme. Baba Shukuru, ambaye nadhani alijuta kufungua mdomo wake, akasema ni kweli, mama amekuwa akinunua sukari nyingi tangu mvua zilipoanza.

"Ya nini, Mama Skola?" akauliza Mzee Filipo.

"Ya nyumbani."

"Nyumbani mko wawili."

"Tunakunywa chai."

Mzee Filipo akanitazama. "Skola, leo mmekunywa chai ya sukari?"

Nilifungua mdomo. Mama hakugeuka kunitazama, lakini niliona mgongo wake ukinyooka. "Leo hapana," nikasema, na hiyo ilikuwa kweli, na nikatamani ardhi inimeze.

Mzee Filipo akavuta koti lake. Alizungumza taratibu, bila ukali, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha mwenyewe. "Mwalimu anasema sukari imo kwenye asali. Wewe unasema haimo. Sawa, mimi si mtaalamu wa asali. Lakini kama haimo kwenye asali, na hapa hamuinywi, basi kuna mdomo mwingine unaoila. Mimi nataka kuujua huo mdomo."

Nilisikia kuku wakichakura nyuma ya jiko. Upepo ulitoka bondeni, na kwa ujinga wa hofu nikadhani utaleta kilio cha mtoto. Madam alikuwa amemkazia mama macho, kwa kule kusubiri kwake.

Mama akavuta pumzi. "Naichanganya," akasema.

Mzee Filipo akainama mbele. "Unasemaje?"

"Sukari. Naichanganya kwenye asali. Mwalimu amesema kweli."

Nilitoa sauti, sijui ya nini. Mama akasema bila kugeuka, "Skola, kalete maji ya kunywa." Nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya mtungi nimeshika kata, maji yakinimwagikia miguuni. Kupitia upenyo wa ukuta nilimsikia Madam, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

"Unaichanganyaje?"

"Naichemsha na maji. Ikiwa nzito naimimina ndani."

"Mbona siku ile ulikataa?"

"Niliona aibu."

Nilipotoka na maji Madam alikuwa amegeukia ile chupa yake aliyokuja nayo, akiizungusha mikononi kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika. Mzee Filipo alikuwa ameegemea kiti, uso umelegea; kesi aliyoijia ilikuwa imemwishia mikononi, na ile nyingine, aliyokuwa anaanza kuinusa, akaiacha.

Mama aliagizwa asiuze asali tena. Aliomba radhi mbele ya jumuiya yetu, akiwa amesimama katikati ya wanawake aliosali nao miaka yote, na hakuna aliyemkumbatia. Sokoni wakampa jina la Mama Sukari, likamganda. Lakini kilichomuumiza kuliko vyote kilikuwa mjomba Damasi. Alikuja amelowa mvua, akasimama uani, akakataa kukaa.

"Asali yangu," akasema. "Asali ya baba yetu. Umeitia uchafu, halafu ukaenda kusema mbele ya watu."

"Nisamehe, kaka."

"Niambie hukufanya. Niambie tu, nitakuamini."

Mama alimtazama kaka yake. Mjomba alikuwa mtu wa pombe za Jumamosi, na akishalewa hakuwa na siri. "Nisamehe," akasema tena. Mjomba akaondoka, na ukapita muda mrefu sana kabla hajakanyaga tena uani kwetu. Usiku ule mama alilia chini ya blanketi akidhani nimelala, nami nikasogea nikamkumbatia kwa nyuma.

Jeneroza aliondoka mvua zilipopungua. Sikumwona akienda. Mama alirudi kutoka bondeni na kitenge chake kimekunjwa kikapuni, akasema, "Ameenda," akaendelea kupika. Kama alifika kwa jamaa zake sikupata kujua. Nilimuuliza mama kama sasa tunaweza kuonyesha. Akaniuliza nitamwonyesha nani, na kwa faida ya nani, wakati yule bado yuko njiani. Nikaona kweli.

Darasani Madam alibadilika kwangu. Hakunitazama tena kwa kunisubiri. Aliniazima vitabu vya hadithi vya Kiingereza, vilivyofunikwa kwa magazeti, na nilivisoma kwa kinyongo, nikitafuta kila mahali kosa la kumwekea. Nilimshuku hata kwa wema wake. Niliamini ananilainisha ili siku moja aniulize.

Nilipomaliza darasa la saba alipata uhamisho kurudi Tanga. Alasiri moja alikuja kuaga. Mama alikuwa akimenya mihogo, nami nilikuwa namsaidia. Madam alikataa kiti, akachuchumaa nasi chini, akashika muhogo mmoja kutaka kuumenya lakini hakuwa na kisu. Walizungumza habari za safari, za mvua, za mimi na sekondari. Kisha akaurudisha ule muhogo chini.

"Mama Skola," akasema, "ile Jumapili, ulipokubali, sikulala. Haikukaa sawa. Asali niliinunua kiangazi, na sukari ulianza kuinunua mvua zilipoanza. Siku zilizofuata nilikufuata shambani nije nizungumze na wewe. Nikafika kwenye migomba, nikasikia. Nikarudi."

Kisu cha mama kiliendelea kumenya, ganda likishuka refu bila kukatika.

"Sikumwambia mtu," Madam akasema. "Nataka tu kujua. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Nilimtazama mama. Hakuinua uso.

"Mtoto gani, mwalimu?" akasema.

Madam alikaa vilevile, amechuchumaa, ushungi wake ukigusa maganda. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa. Akasimama, akajipangusa sketi.

"Basi," akasema. "Mungu amkuze."

"Amina," akasema mama.